Umechomoa Plagi?

Kazini kwangu wananijua kwa swali moja. Ukiniletea skripti ya kuwashia bodi, hata uwe umeiandika vizuri namna gani, nitakuuliza: umechomoa plagi? Ukisema hujachomoa, rudi ukachomoe. Ukianza kunieleza kwa nini haikuwa lazima, nakasirika, na nikikasirika sijui kukasirika kwa siri.

Tunatengeneza visanduku vya kuwekwa kando ya vitanda katika nyumba za kulelea wazee. Ndani ya kila kisanduku mna bodi ndogo yenye chipu ya ARM, haifiki hata kiganja, na ndani ya bodi mna Linux, mfumo unaoiendesha. Mzee akibonyeza kitufe chekundu, kisanduku kinapeleka habari kwenye simu ya mhudumu aliye zamu. Lakini Linux haijiamshi yenyewe. Kuna skripti fupi, haizidi mistari arobaini, inayosomwa mara tu umeme unapoingia: subiri kadi ya kumbukumbu iamke, tafuta Linux humo, ipakie, iwashe. Skripti hiyo ikikosea hakuna kitu kingine cha kuisaidia, maana vingine vyote bado vimelala. Ndiyo maana mtu akitaka kubadilisha hata mstari mmoja, lazima mtu wa pili asome na kukubali. Mtu huyo wa pili ni mimi.

Wenzangu wengi wamezaliwa hapa Sydney. Kwao kuzima kompyuta ni kuiomba kwa adabu ijizime. Wanaandika amri, bodi inazimika na kuwaka tena, wanasema imefaulu. Mimi nimekulia Morogoro, na umeme wetu haukufundishwa adabu. Ulikatika katikati ya taarifa ya habari, ukakatika pasi ikiwa juu ya shati la kanisani. Ukikatika, kazi ya kwanza ya mtoto ilikuwa kukimbia kuchomoa plagi ya televisheni na ya friji, kwa sababu ukirudi unarudi na kishindo, na kilichokuwa kizima asubuhi unakikuta kimeungua. Nilichapwa kofi moja tu na mama maishani mwangu, na lilikuwa la friji. Kwa hiyo kwangu mimi bodi haijajaribiwa mpaka uichomoe kwenye ukuta, uhesabu hadi sitini ipoe kabisa, uichomeke tena. Mara kumi. Dada mmoja wa pale kazini, mkazi wa Cabramatta, ambaye wazazi wake ni Wavietnam amejifunza kulitamka swali langu kwa Kiswahili, naye hunianza kabla sijafungua mdomo: "Nimechomoa, mara kumi, usinune."

Mabadiliko yaliyoleta balaa hayakuandikwa na huyo dada. Yaliandikwa na mshenga wangu.

Ni mtu wa Dar es Salaam, amenizidi miaka kumi na mbili. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipokuja kusoma, ndiye aliyepeleka jina langu ofisini, na nilipotaka kuoa, ndiye aliyekwenda kusema. Mke wangu ni Mrundi aliyelelewa kambini Kigoma, na ndugu zake wa Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, hawakumjua mtu anayeitwa mimi. Mshenga alivaa suti yake ya kijivu akaenda mara tatu. Mara ya kwanza walimwacha akae sebuleni saa nzima bila maji. Mara ya pili walimwambia Watanzania ni watu wa maneno matamu. Mara ya tatu alirudi na jibu. Hilo halilipiki. Tukigombana, mke wangu na mimi, ni kwake tunakokwenda, anatusikiliza kila mtu kwa zamu yake, anatukemea wote wawili, tunarudi nyumbani tukicheka.

Ofisini alikaa meza iliyoelekeana na yangu. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo, kaka," naye akaitika, "Marahaba, bwana mdogo," bila kuinua macho kwenye skrini. Wenzetu walidhani ndiyo habari za asubuhi za kwetu, basi. Hawakujua kwamba ni mzigo. Hebu niambie: mtu uliyemwamkia shikamoo saa tatu, saa nne utamwambiaje kwamba skripti yake ni mbovu?

Wateja walikuwa wanalalamika kwamba visanduku vinachelewa kuwaka, na bosi alitaka kuwaonyesha kwamba sasa vinawaka upesi. Mshenga akafuta mistari miwili. Wa kwanza uliiambia bodi isubiri sekunde mbili kadi iamke. Wa pili ulisema kama kadi haijaamka, jaribu tena. Aliniletea kabla ya chakula cha mchana. Nikasoma, nikaona kazi safi ya mtu mzima, nikakubali. Baada ya wiki mbili skripti mpya ilikuwa ndani ya visanduku vyote, pamoja na vya nyumba moja ya wazee huko Campbelltown anakofanya kazi shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu.

Halafu ikaja mvua ya mawe, zile za kiangazi zinazovunja vioo vya magari. Umeme ukakatika alasiri, ukarudi baada ya dakika chache. Visanduku vingi viliamka. Vitatu kwenye korido moja havikuamka. Na hapa ndipo ninapotaka kupiga meza hata sasa ninapoandika: kisanduku chetu kina taa ya kijani, na taa hiyo haiulizi kama Linux imeamka. Inawashwa na umeme wenyewe. Kisanduku kinaweza kuwa kimekufa fofofo na taa inang'aa. Bibi mmoja wa miaka tisini na kitu aliteleza kando ya kitanda akienda msalani. Alilala sakafuni akibonyeza kitufe chake chini ya taa ya kijani. Shemeji ndiye aliyemkuta, alipopita na chai.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja kwetu Penrith. Amepanda treni mbili, na sare ya kazi ameivaa ingawa hakuwa na zamu. Aliweka bahasha juu ya meza.

"Shemeji, banasema kengele ililia kwa simu yangu, mi nikakaa tu," alisema. "Haikulia. Naapa mbele ya Mungu, haikulia hata kidogo. Nilipita mulango ile mara mbili, nikaona taa ni green. Green, shemeji! Mi nilijua mama yuko sawa."

"Wamesemaje?"

"Stand down. Niko nyumbani mpaka investigation iishe. Shefu wangu wa kazi anasema kesho yake balijaribu ile kitufe, ikafanya kazi vizuri, so ni mimi nilizima sauti ya simu."

Kisanduku kilifanya kazi kesho yake kwa sababu mtu wa usafi alikichomoa ili achomeke mashine yake ya kufagilia, kisha akakirudisha, na safari hii kadi ikawahi kuamka. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilisoma tu barua. Ilisema, kwa Kiingereza kile kisicho na mtu ndani yake, kwamba ikithibitika amepuuza mwito, taarifa zake zitapelekwa mbele, na huenda asiruhusiwe kufanya kazi ya kulea wazee mahali popote nchini. Miaka kumi na moja amewaogesha, amewageuza kitandani, amewaimbia nyimbo za kwaya ya Kirundi wasizozielewa. Binti yangu wa miaka saba alisimama mlangoni akauliza, "Did Aunty do something bad?" Shemeji akafunika uso kwa kanga.

"Hapana," nilimjibu binti yangu. "Walioharibu ni watu wengine."

Nilikuwa tayari najua ni nani. Nilipokuwa nikimsikiliza shemeji niliiona ile mistari miwili iliyofutwa, imechorwa mstari mwekundu kwenye skrini yangu.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia mke wangu. Alikuwa anatwanga sombe, kisamvu cha kwao, na hakuacha kutwanga. "Ni mshenga aliyeandika?"

"Ndiye."

"Na wewe ndiye uliyesoma?"

"Aliniambia amechomoa plagi," nikasema. Nilisema hivyo bila kusita, kwa sababu ndivyo nilivyokumbuka.

Alitwanga mara nyingine tano au sita. "Basi andika ukweli," akasema. "Lakini uandike wote, usiandike ule wa dada yangu peke yake."

Jumatatu bosi alinitumia barua ambayo kampuni ilitaka kuipeleka kule kwenye nyumba ya wazee. Ilisema visanduku vyetu havina hitilafu yoyote, na kwamba kila badiliko la skripti hupitiwa na kujaribiwa. Jina langu lilikuwa chini, kama mpitiaji. Nilitakiwa kuthibitisha tu. Badala yake nilikwenda kwenye rafu ya majaribio, nikachukua bodi sita, nikazichomeka zote kwa pamoja, nikaanza. Chomoa. Hesabu sitini. Chomeka. Chomoa. Watu waliacha kazi mmoja mmoja wakaanza kuangalia. Mara ya nne, bodi ya tatu kutoka kushoto ikawasha taa yake ya kijani, na skrini iliyounganishwa nayo ikabaki nyeusi tii. Mara ya saba zikagoma mbili.

Bosi alikuja, akaangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba tuwe waangalifu na lugha tutakayotumia, kwamba kuna bima, kuna mawakili, na hitilafu tutairekebisha kimya kimya katika toleo lijalo.

"Na yule mwanamke?" nilimuuliza.

"Mwanamke gani?"

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele ofisini, na nilipiga ile ya sokoni kabisa, nikachanganya Kiingereza na Kiswahili na matusi mawili ambayo mama angeniongezea kofi la pili. Nilisema mtu asiyekuwa na kosa amekaa nyumbani Campbelltown anaitwa mvivu, anaitwa mwongo, kwa sababu ya taa ya senti mbili na mistari miwili ya skripti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Hakuna aliyenielewa pale isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa anaangalia kibodi yake. Kimya chake kikanichoma kuliko yote ya bosi. Huyu alikula kwa ndugu zake shemeji. Huyu alikaa sebuleni kwao bila maji, wakamwamini, wakanipa binti yao kwa neno lake. Sasa anaona shemeji anasulubiwa, na yeye anahesabu herufi.

Niliandika taarifa yangu mchana uleule. Nilieleza mistari iliyofutwa, nikaeleza taa ya kijani, nikaeleza namna mtu yeyote anavyoweza kujionea mwenyewe akiwa na soketi na saa. Na nikaandika sentensi moja zaidi: mwandishi wa badiliko hili alinihakikishia kwamba amelijaribu kwa kuchomoa umeme. Niliipeleka kwa bosi na kwa meneja wa nyumba ya wazee kwa pamoja, ili asiwepo wa kuifungia kwenye droo.

Walijaribu. Walijionea. Shemeji alirudishwa kazini. Hawakumwomba radhi, walimpa barua ya mistari mitatu ikisema shauri limekwisha na hii hapa ni roster ya zamu za wiki ijayo. Alinipigia simu akicheka na kulia, nyuma yake nikasikia redio ya wazee. "Shemeji, Mungu akubariki. Yule mama amerudi toka hospitali, ananiuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia, darling, nilikuwa likizo."

Bosi alihitaji mtu wa kubeba lawama. Alimsimamisha mshenga, na baada ya siku chache akamwachisha kazi kabisa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba alitoa uhakikisho wa uongo juu ya majaribio. Ni maneno yangu, yamepigwa pasi kidogo tu. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilikula chakula cha mchana siku ile kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu mvua ya mawe.

Alikuja kuchukua vitu vyake asubuhi moja, ana kisanduku cha karatasi na ile suti ya kijivu. Sikusema shikamoo. Miaka yote niliyomjua sijawahi kukutana na mtu huyu nikaacha kumwamkia, na niliacha makusudi, nikamtazama usoni ili ajue kwamba ni makusudi.

Aliweka kikombe chake ndani ya kisanduku. "Shemeji yako amerudi kazini?"

"Amerudi. Si kwa msaada wako."

"Nashukuru Mungu."

"Kwa nini ulinidanganya?" nikamuuliza.

Aliinua kichwa. "Nilikudanganya lini?"

"Uliniambia umechomoa."

"Sikuchomoa," alisema. "Mgongo ulikuwa unaniuma, rafu iko chini, na bosi alikuwa ananisimamia kichwani. Niliiwasha upya kwa amri, ikawaka. Kosa hilo ni langu, na yule mama aliyelala sakafuni ataniuliza mbele ya Mungu. Lakini kukudanganya sijakudanganya. Hukuniuliza."

"Nauliza kila mtu."

"Unauliza kila mtu," alisema. "Mimi hujaniuliza hata siku moja. Siku ile nilikaa hapa nikisubiri uniulize. Ungeuliza ningekwambia kweli, ungenirudisha kule chini kwenye rafu, ningenung'unika, ningekwenda. Ukasema sawa kaka. Nikajisemea, huyu bwana anaijua kazi yake, kama hajauliza basi ameona haina haja."

Alichukua kisanduku chake akaenda zake. Nilitaka kumfuata nimwambie ni mwongo. Badala yake nilikaa nikafungua kumbukumbu, maana kwetu kila badiliko linabaki na maneno yaliyosemwa juu yake, hayafutiki. Nilifungua la dada wa Cabramatta: swali langu, jibu lake, mara kumi. Nikafungua la kijana mmoja mwenzetu: swali langu, jibu lake, swali langu tena kwa sababu jibu halikuniridhisha. Nikafungua lile la mistari miwili. Hapakuwa na swali. Palikuwa na maneno mawili yangu, sawa kaka. Nikarudi nyuma, mwaka jana, mwaka juzi, mpaka badiliko la kwanza kabisa aliloniletea. Sawa kaka. Sawa kaka. Asante kaka.

Sikujua kwamba mtu anaweza kujikasirikia kiasi kile na bado akabaki amekaa kwenye kiti. Kumbukumbu ilikuwapo muda wote, mbofyo mmoja tu kutoka kwenye mkono wangu, siku ile niliyoandika sentensi yangu kwa uhakika. Wale waliomwandikia shemeji nao walikuwa na uhakika. Waliona taa ya kijani.

Niliandika barua ya pili. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa fupi: sikumwuliza. Nikaeleza yote, nikasema hakunihakikishia lolote, kwamba yeye hakujaribu na mimi sikuuliza, na kama anaachishwa mtu kwa uongo basi uongo ulioandikwa ni wangu. Nikampelekea bosi. Alijibu kabla hata kahawa yangu haijapoa, akasema ananishukuru kwa uwazi wangu, ila suala hilo limeshafungwa. Nilimwendea. Nilimwambia limefungwa vibaya, alifungue. Akasema angekuwa mimi angeshukuru kwamba barua ya pili haikusomwa na mtu mwingine. Nikamtumia meneja wa nyumba ya wazee nakala, palepale mbele ya bosi, simu ikiwa mkononi. Mpaka leo hakuna aliyejibu. Mimi bado nina kazi, na hilo nalo linanikera.

Mke wangu aliisoma barua nzima akiwa amesimama jikoni. Hakunikemea. Alisema tu kwamba zamani jambo la namna hii tungelipeleka kwa mshenga.

Nikaipeleka. Niliichapisha, nikapanda treni mpaka Campbelltown, nikatembea hadi nyumbani kwa mshenga mchana wa jua kali. Alifungua mlango mwenyewe. Amevaa msuli na miwani ya kusomea, na mgongo ameushika kwa mkono mmoja. Nilimpa karatasi. Aliisoma palepale kizingitini, polepole, kwa namna anavyosoma skripti, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliikunja mara mbili akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Akarudi ndani, akaurudisha mlango taratibu bila kuubamiza, nami nikabaki pale kizingitini. Hakuitikia.